Kuongeza dini si kubuni mtaala

Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 2026, akimaliza miaka sita ya msingi na minne ya sekondari bila kurudia, atafanya mtihani wa kidato cha nne Novemba 2035. Kwa hesabu za falaki, Ramadhani ya mwaka huo itaingia tarehe 1 Novemba au siku ya jirani. Kama Baraza la Mitihani halitahamisha ratiba yake, mtoto huyo atajibu karibu karatasi zake zote akiwa na saumu, kuanzia Hisabati hadi Elimu ya Dini ya Kiislamu. Karatasi ya mchana ataimaliza midomo imekauka, na usiku tarawehe itamsubiri kabla hajafungua daftari la kesho yake.

Hakuna sababu ya jambo hilo kuwashtua watu Oktoba 2035. Mwaka wa mwezi mwandamo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, na hakuna mwalimu wa dini asiyelijua hilo. Hata hivyo, katika shule nyingi za sekondari za Kiislamu Ramadhani bado hupokelewa kama mvua ya ghafla. Vipindi hukatwa, prepu hufutwa, na mada zilizobaki husukumwa hadi baada ya Idi, ambako nazo hukuta mada nyingine zinasubiri.

Naanza na Ramadhani kwa sababu hapo ndipo ugonjwa unapoonekana wazi. Shule zetu zina dini ya kutosha, tena wakati mwingine kupita kiasi, na zina mihtasari yote ya serikali. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa chini, kuvitazama vyote viwili kwa pamoja na kuamua kipi kitangulie, kipi kipunguzwe na kipi kiachwe. Kuongeza kumefanyika kwa miaka mingi. Kubuni ndiko bado.

Na wakati wenyewe ni huu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mtaala mpya ulioanza kuingia madarasani kwa awamu tangu Januari 2024. Sekondari sasa ina mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na Historia ya Tanzania na Maadili imekuwa somo la lazima. Vitabu vinabadilika na ratiba zinapangwa upya hata kwa asiyetaka. Shule ya Kiislamu itakayopanga upya bila kujiuliza maswali magumu itarundika tena, na mara hii itarundika juu ya mzigo mpya.

Tuchukue kalamu. Shule yenye vipindi vinane vya dakika 40 kwa siku ina vipindi 40 kwa wiki. Mwanafunzi wa sayansi ana masomo tisa au kumi ya serikali. Hisabati peke yake inadai vipindi vitano au sita, Kiingereza hakiko mbali na hapo, na Fizikia, Kemia na Baiolojia zinahitaji vipindi pacha, kwa kuwa maabara haifanyiki kwa dakika 40. Vipindi vimekwisha kabla ustadhi hajabisha hodi. Sasa lete upande wa dini. Seminari nyingi hazitosheki na EDK, kama wanafunzi wanavyoliita somo la mtihani wa taifa. Zinataka pia Kurani, tajwidi, tawhidi, fiqhi, hadithi, sira, akhlaki na Kiarabu, na Kiarabu chenyewe hugawanywa kikawa nahau, sarfa na insha. Suluhisho la kawaida ni kulipa kila somo kipindi kimoja kwa wiki na mengine kuyapeleka baada ya Alfajiri au baina ya Magharibi na Isha.

Kalenda ya shule imezoea kuwa na siku 194 za masomo, sawa na wiki 39 hivi. Kipindi kimoja kwa wiki ni saa 26 kwa mwaka mzima, kabla hujatoa wiki za mitihani, michezo na sikukuu. Kwa saa 26 mwalimu wa nahau hamfikishi mtoto popote, maana kila Jumatatu robo ya kipindi inakwisha akikumbusha ya Jumatatu iliyopita. Fiqhi ikipewa saa hizo hizo inaishia kwenye udhu na sala, mambo ambayo mtoto aliyapitia chuoni akiwa na miaka minane. Mwaka wa pili mwalimu mwingine anaanza tena na maji ya aina ngapi yanafaa kwa tohara. Ndiyo maana si ajabu kumkuta mhitimu wa seminari aliyefundishwa nguzo za udhu mara nne na hajapata kufundishwa namna ya kuandika wasia.

Hapa najua baadhi ya masheikh watanikunjia uso. Nasema tupunguze. EDK tayari imebeba Kurani, hadithi, tawhidi, fiqhi na tarehe. Kuna haja gani ya kuifundisha fiqhi mara mbili, kwa walimu wawili wasiozungumza, mmoja akitumia kitabu cha Kiswahili na mwingine matini ya Kiarabu ambayo darasa halielewi? Viunganishwe viwe somo moja lenye mwalimu mmoja, vipindi vinne au vitano kwa wiki, na azimio la kazi la miaka minne linaloonesha kila mwaka unaongeza nini juu ya uliopita. Kurani ibaki ya kila siku, lakini wanafunzi wapangwe kwa viwango badala ya vidato. Darasa la kidato cha kwanza linampokea hafidh aliyemaliza juzuu 30 na kijana ambaye herufi bado zinampiga chenga. Kuwaweka hao katika kipindi kimoja cha tajwidi ni kuwapotezea muda wote wawili. Na Kiarabu kipewe nafasi ya kweli kidato cha kwanza na cha pili, vipindi sita kwa wiki. Baada ya hapo anayekipenda aende nacho hadi mtihani wa taifa, asiyekipenda apumzike. Saa nyingi kwa miaka miwili zina faida kuliko matone kwa miaka minne.

Mgawanyiko huu tunaouhangaikia haukuanza jana. Kwa karne nyingi pwani ilikuwa na chuo, na chuo kilitosha. Wajerumani walipofungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892, na baadaye shule za misheni zilipotapakaa bara, wazazi wa Kiislamu walijikuta na milango miwili: mmoja wa kumpatia mtoto kazi, wa pili wa kumpatia dini. Wapo walioukataa wa kwanza wasije kumpoteza mtoto. Kizazi cha akina Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa kilikataa kuchagua. Sheikh huyo, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947, alitumia magazeti yake ya Sahifa na Al-Islah, mwanzoni mwa miaka ya 1930, kuwahimiza Waislamu wasome elimu ya dunia bila kuiacha dini. Wala hakuishia kuhimiza. Alikaa akaandika vitabu vya dini kwa ajili ya watoto, kwa Kiswahili chepesi. Huo ndio ubunifu wa mtaala ninaousema. Ulianza na kitabu mkononi mwa mtoto.

Zikafuata juhudi nyingine, kila moja na mwelekeo wake. Zanzibar ilikuwa na Muslim Academy, iliyolenga elimu ya dini ya juu. Mombasa ikapata taasisi iliyojulikana kwa kifupi MIOME, iliyoanza kupokea vijana mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa fedha zilizochangwa na Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya Uingereza. Hiyo ilifundisha ufundi, uhandisi na mambo ya bahari, na leo majengo yake ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Tanzania Bara nayo ilipata kikundi cha WARSHA ya Waandishi wa Kiislamu katikati ya miaka ya 1970, ambacho kazi yake kubwa ilikuwa kuandaa vitabu vya kufundishia dini mashuleni kwa Kiswahili. Nawataja hawa kwa sababu kila mara tunapozungumzia mtaala tunajifanya ni mara ya kwanza.

Lakini hata hao hawakuwa wa kwanza kuuliza kipi kiwe ndani na kipi kiwe nje. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu cha elimu kinachofungua Ihya Ulum al-Din, aligawa elimu kati ya ile ambayo ni faradhi kwa kila mtu na ile ambayo ni faradhi ya kutosheleza, yaani wakiwapo wa kutosha walioipata, wengine wamesalimika. Wasipokuwapo, mji mzima una dhambi. Ndani ya hii ya pili aliweka tiba na hesabu, akaongeza hata kilimo na ufumaji. Kisha akawageukia mafakihi wenzake, akiwashangaa wanavyosongamana kwenye fiqhi ya mabishano ilhali kuna miji ambayo haina tabibu Mwislamu hata mmoja. Ukimfuata Ghazali kwa uaminifu, maabara ya kemia isiyo na kemikali ni kasoro ya kidini. Mkuu wa shule anayejisifia vipindi 15 vya dini huku matokeo ya Fizikia yakiwa sifuri tupu hana pa kujificha kwa Imamu huyo.

Mwaka 1977 wasomi wa Kiislamu kutoka pande nyingi walikutana Makka katika Mkutano wa Kwanza wa Dunia kuhusu Elimu ya Kiislamu. Walizungumzia elimu ya wahyi na elimu anayoitafuta binadamu, wakataka zote mbili zikae katika mfumo mmoja. Tangu hapo kauli ya kuunganisha elimu haikosekani kwenye kipeperushi cha shule yoyote ya Kiislamu kutoka Lamu hadi Mtwara. Kwenye vitabu vya kiada na maandalio ya somo ndiko imekuwa adimu.

Maana ipo namna rahisi ya kuunganisha, na haina faida. Ni ile ya kubandika aya juu ya mada. Leo tunasoma maji, basi iandikwe aya inayotaja maji, halafu kipindi kiendelee vile vile kama kinavyofundishwa shule ya jirani. Mtoto hazidi kujua kemia, na Kurani inageuzwa pambo la ubao. Mbaya kuliko hiyo ni desturi ya kutafuta kila ugunduzi wa karne iliyopita ndani ya aya. Nadharia ya kisayansi ikibadilika, na hubadilika, mwalimu itambidi abadili tafsiri.

Muungano wa kweli uko pale ambapo jambo lenyewe haliwezi kueleweka kwa elimu moja. Chukua mirathi. Kurani imetaja mafungu sita: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Mtu amefariki ameacha mke, mama na watoto wawili wa kiume. Mke anapata thumni kwa kuwa kuna watoto, mama anapata sudusi, wana wanachukua kinachobaki. Kigawe kidogo cha shirika cha 8 na 6 ni 24: mke ana 3, mama 4, na 17 zilizobaki haziwezi kugawanyika kwa wawili bila kupanda hadi 48. Kila mtoto basi ana 17 katika 48. Hilo ni somo la sehemu lenye damu na nyama ndani yake, na kila mtoto darasani anayo familia inayogombea kiwanja.

Sasa wape swali la pili. Aliyefariki ni mwanamke, ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja, hana mtoto wala mzazi. Mume ana nusu, dada wana theluthi mbili. Wakijumlisha watapata 7/6, na nusu ya darasa itapiga kelele kwamba swali limekosewa. Hapo mwalimu awaeleze aul: kwamba suala hilo lilifika kwa Khalifa Umar, kwamba mafungu sita yalifanywa saba ili kila mtu apunguziwe kwa uwiano wake, mume akapata 3 na dada 4, na kwamba Ibn Abbas alikuwa na rai tofauti na fiqhi ya Kishia hadi leo haiikubali aul. Kwa kipindi pacha kimoja wamepata hesabu, fiqhi, historia, na adabu ya kutofautiana. Al-Khwarizmi, huko Baghdad karne ya 9, alilijua hilo. Sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra inahusu wasia na mirathi. Hapa kwetu Sheikh Ali Hemed al-Buhry, aliyekuwa kadhi wa Tanga, aliandika juu ya mirathi kwa Kiswahili tangu miaka ya 1920. Vifaa tunavyo. Mwalimu wa Hisabati na mwalimu wa EDK ndio hawajawahi kukaa meza moja.

Jiografia nayo. Dar es Salaam na Makka ziko karibu kwenye longitudo moja, nyuzi 39 na kitu mashariki, ndiyo maana kibla cha Kariakoo kinatazama kaskazini moja kwa moja, kasoro nyuzi moja hivi. Ujiji iko kwenye nyuzi 29 na kitu, kwa hiyo mtu wa Ujiji hana budi kugeuka kuelekea mashariki ya kaskazini kwa nyuzi kama 20. Adhuhuri ya Dar es Salaam huingia kati ya saa 6:05 na 6:40 mchana kutegemea mwezi. Ya Ujiji huchelewa karibu dakika 39, ingawa saa za ukutani zinasoma sawa. Mpe mtoto fimbo, kivuli na uwanja wa shule, ataielewa longitudo kuliko kwa mchoro wowote. Kidato cha tatu wapewe kazi ya kufuatilia mwezi mwandamo kwa mwaka mzima na kuandika walichokiona. Huenda kizazi chao kikagombana kwa takwimu, nasi tukapumua kidogo kwenye mabishano yetu ya kila mwaka ya nani kauona wapi.

Riba ndiyo mada inayonikera zaidi inavyofundishwa. Asubuhi mwalimu wa Hisabati anafundisha namna ya kukokotoa riba ya mkopo, mchana ustadhi anafundisha kwamba riba ni haramu, na hakuna kati yao anayemtaja mwenzake. Mtoto anajifunza kwamba kuna mambo ya mtihani na mambo ya msikitini. Kumbe hapo palikuwa na kipindi kizuri kuliko vyote: kokotoa mkopo wa kausha damu unaomkuta mama ntilie mtaani, kisha kokotoa mauzo ya murabaha, yaani ya bidhaa kwa faida iliyotajwa, kama yanavyofanywa na benki za Kiislamu, mathalani Benki ya Amana iliyoanza kazi mwaka 2011, uone mteja analipa nini hapa na nini pale, na kwa masharti gani. Mengine yatawafurahisha, mengine yatawaachia maswali. Yote mawili ni mema. Mtoto aijue hesabu ya riba kuliko mkopeshaji, ndipo atajua anachokiepuka.

Baiolojia ina mada mbili za moto. Moja ni uzazi. Fiqhi ya balehe, janaba na heidhi na mada ya uzazi katika Baiolojia vinamhusu mtoto yule yule katika umri ule ule, lakini mara nyingi ustadhi wa kiume huona haya akairuka, na mwalimu wa Baiolojia husoma kitabu haraka haraka macho yakiwa dirishani. Wasichana hupata majibu kwa wenzao bwenini. Shule iliyobuni mtaala itaweka mada hizo mwezi mmoja, itamtafuta mwalimu wa kike, na itamaliza jambo. Nyingine ni nadharia ya Darwin. Muhtasari wa zamani wa kidato cha nne uliiweka pamoja na nadharia ya uumbaji na ile ya Lamarck, na mtahiniwa alitakiwa kuzieleza zote. Mtoto aambiwe waziwazi nadharia inasema nini, ina ushahidi gani, na wanazuoni wa Kiislamu wamesema nini juu yake, kwa tofauti zao. Kumfundisha kuandika asichokiamini bila kumpa nafasi ya kuuliza ni kumfundisha unafiki, na huo hauna alama kwenye cheti.

Suala la lugha halizungumzwi vya kutosha. Mwanafunzi wa seminari ya Kitanzania anasoma Fizikia kwa Kiingereza, Kurani kwa Kiarabu na EDK kwa Kiswahili. EDK ya kidato cha nne ni miongoni mwa masomo machache anayoyajibu kwa lugha anayoiota, na ni kipindi adimu cha yeye kujenga hoja ndefu, kupinga na kutoa dalili. Lakini mara nyingi kinatumika kukariri: taja sharti tano, eleza hikima nne. Wengine hulitegemea kwa ajili ya pointi, kwa kuwa daraja la kidato cha nne hupatikana kwa masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi. Akifika kidato cha tano, somo lile lile linageuka kuwa la Kiingereza, na kijana aliyekuwa akichambua hadithi kwa ufasaha anaanza kutafuta neno la kuanzia sentensi. Shule zinaweza kulipunguza pengo hilo mapema kwa kumfundisha kuandika insha ya hoja, kwa Kiswahili kwanza, kidato cha kwanza hadi cha nne. Uwezo wa kupanga hoja huvuka lugha. Orodha za kukariri hazivuki.

Yote haya yanamtegemea mwalimu, na hapo ndipo fedha inapotakiwa kwenda. Katika shule nyingi za serikali kipindi cha dini hubebwa na ustadhi wa kujitolea anayekuja na baiskeli. Katika shule binafsi za Kiislamu ustadhi ana ajira, lakini mara nyingi mshahara wake uko chini ya ule wa mwalimu wa Kemia, haalikwi kwenye kikao cha taaluma, na hajapata kusomea ualimu. Anajua dini, lakini kupanga somo, kutunga mtihani na kumshika mtoto asiyesikiliza hakuna aliyemfundisha, ndiyo maana fimbo huwa karibu naye. Vyuo vya kumsomesha vipo. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza 2005, Zanzibar ina Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait, Uganda ina Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale tangu 1988. Wafadhili wetu wanapenda kujenga msikiti wa shule wenye kuba. Mwenye nia ya kubadili shule na amsomeshe ustadhi mmoja shahada ya ualimu, na amsomeshe mwalimu mmoja wa Hisabati fiqhi ya mirathi.

Wenzetu wa Indonesia walipitia njia hii kabla yetu. Mwaka 1975 mawaziri watatu wa serikali yao walitia saini uamuzi wa pamoja: madrasa zifundishe asilimia 70 masomo ya kawaida na 30 ya dini, na kwa kufanya hivyo cheti cha madrasa kiwe sawa na cha shule ya serikali. Mlango wa vyuo vikuu ukafunguka. Wapo walionung'unika kwamba asilimia 30 haizai mwanazuoni, na nadhani walikuwa na haki. Lakini uamuzi ule ulikiri jambo ambalo sisi hatujalikiri: shule ya sekondari haiwezi kumtoa kadhi na daktari kwa ratiba moja. Anayetaka kuwa mwanazuoni ana njia yake ndefu, na inafaa iwepo, itunzwe na iheshimiwe. Sekondari ya Kiislamu kazi yake ni kumtoa Mwislamu anayejua dini yake ya kila siku kwa dalili, anayeweza kufungua kitabu cha Kiarabu asitishike, na anayefaulu mitihani ya nchi yake bila wizi wa mtihani.

Hilo la mwisho nalitaja kwa makusudi. Shule yenye alama A za EDK ukutani, ambayo majibu ya mtihani yanapita chini ya mlango usiku, imeshafundisha dini yake. Mtoto huona pia kama mpishi analipwa kwa wakati na kama yatima anarudishwa nyumbani kwa ada mbele ya wenzake.

Mkondo wa amali usiachwe kwa wengine. Sioni sababu ya shule za Kiislamu kuuona kama njia ya walioshindwa, ilhali MIOME ya Mombasa ilikwishachangiwa fedha kwa ajili ya ufundi zaidi ya miaka 70 iliyopita, na Ghazali aliuhesabu ufumaji kuwa faradhi ya kutosheleza.

Mzazi, kabla hujalipa ada ya muhula ujao, omba kuoneshwa ratiba ya wiki ya mwanao. Hesabu vipindi vya Kiarabu, uliza nani anavifundisha na kasomea wapi. Uliza mwalimu wa Hisabati na ustadhi walikutana lini mara ya mwisho kupanga somo. Uliza shule ina mpango gani wa mwaka 2035. Wasipokuwa na majibu, usiondoke kimya: lipeleke suala hilo kwenye kikao cha wazazi, na likae kwenye kumbukumbu hadi lijibiwe.